Meza ya Mama Mkwe

Wageni wakija hapa gerezani kutuuliza kama mpango wa nyota unafaa, mimi husema ndiyo, halafu nasema hapana, halafu Afande Austine ananikanyaga mguu ninyamaze. Leo hayuko karibu. Kwa hivyo kaeni niwaeleze vizuri.

Naitwa Nchagwa. Mimi ni Mkuria wa Kehancha, na nimefungwa hapa Nyarombo, gereza dogo kando ya barabara ya kutoka Homa Bay kwenda Sindo. Sikuiba wala sikuua. Nilimvunja mtu taya pale stendi ya Kehancha kwa sababu alimtukana mama yangu mbele za watu. Nikapewa miaka mitano, na sisemi nilionewa. Wiki saba baada ya mlango kufungwa nyuma yangu, mke wangu Mellen akajifungua msichana. Akamwita Robi, jina la mama yangu, yule yule aliyetukanwa.

Sasa oneni. Miaka mitatu na nusu mtoto wangu nimemwona kupitia wavu wa waya. Chumba cha kuonana kina dirisha lililoinuka mpaka kifuani, sisi upande huu, wao upande ule, na matundu ya waya ni madogo hata kidole cha mtoto hakipiti. Tumejaribu. Mellen humwinua, Robi ananiita tata, yaani baba, anabandika kiganja kwenye waya, nami nabandika changu, halafu afande anasema muda umekwisha. Kumshika, sikumshika hata siku moja. Mtu akikwambia mambo kama hayo huzoeleka, mwambie Nchagwa amesema wewe ni mwongo.

Mwaka jana ndipo akaja Madam Liz, afisa wa ustawi wa wafungwa. Binti mdogo, mzaliwa wa Nakuru mjini, viatu safi, moyo safi pia, hilo siwezi kumnyima. Alituita uwanjani akatuonyesha nyota ya kitambaa cha manjano. Ukikaa miezi mitatu bila kosa, unashonewa moja kwenye shati la kunguru, hili letu la mistari myeusi na myeupe. Ukifikisha tatu unapata ziara ya wazi. Hakuna waya. Ni saa mbili chini ya hema, meza moja na watu wako, samaki, soda, mtoto mapajani.

Aliposema mtoto mapajani, mimi sikusikia kitu kingine tena.

Kila mmoja wetu alipewa kadi yenye visanduku: usafi, masomo, kazi, kutopigana, heshima. Kila Ijumaa afande anatia alama. Na nitasema mazuri ya nyota kwanza, nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu. Zamani foleni ya jikoni hapa ilikuwa vita. Niliona mtu akipasuliwa kichwa kwa mwiko kwa sababu ya ukoko wa ugali. Baada ya nyota kuja, ukimgonga mtu anakwambia samahani. Tulichekana sana. "Pita wewe kwanza, mheshimiwa." "Hapana, wewe kwanza, askofu." Lakini tulipita, na hakuna kichwa kilichopasuka. Wazee ambao hawajawahi kushika kalamu wakajaa darasani mpaka viti vikaisha.

Na mimi mwenyewe je? Hasira zangu nilizaliwa nazo. Nikatafuta dawa. Mtu akiniudhi, nafunga mdomo na kuanza kutaja ng'ombe wa baba moyoni, mmoja mmoja: yule mweusi mwenye baka, yule chongo, yule mwekundu anayepiga teke akikamuliwa. Nikifika kwa dume, yule aliyeniudhi ameshaenda zake. Mwanzoni nilikuwa naigiza, wallahi, mimi ni Mkristo lakini hapo naapa. Nje natabasamu, ndani nachemka kama sufuria ya maharagwe. Halafu siku moja mwezi wa nne, mwenzetu Obare akakanyaga blanketi langu lililofuliwa, kwa miguu ya matope. Nilikuwa nimefika ng'ombe wa tatu nikagundua nawaza habari za ng'ombe, simwazi Obare. Nikashtuka. Hasira ilikuwa imeondoka bila kuaga. Hilo nyota ilinipa, sikatai.

Ila huyo Obare mwenyewe! Alikuwa na masikio ya sungura. Akisikia viatu vya Madam Liz, anaruka kushika ufagio na kufagia mahali palipofagiwa. Nyota mbili alizipata kwa ufagio ambao haukuwahi kuchakaa. Na kuna Mzee Bogonko, Mkisii, mpishi wetu. Mwenzetu mmoja alipougua kifua, sote tulimkimbia. Bogonko ndiye aliyemwosha na kumlisha uji kwa kijiko wiki tano nzima, mpaka akapona. Lakini kwa sababu hiyo alikosa darasa, na kadi haina kisanduku cha kumlisha mgonjwa. Nyota zake ni sifuri. Nilipomuuliza Madam Liz, alisema anampa pongezi.

"Pongezi nitazishona wapi?" Bogonko akauliza, akaendelea kusonga ugali.

Basi mwezi wa saba nikashonewa nyota ya tatu. Ziara ikapangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Mellen angekuja na mtoto. Nilikuwa natembea kama mtu aliyechaguliwa diwani, wenzangu wakichoka kuniangalia.

Jumanne ya wiki hiyo Afande Austine akaniita pembeni. Austine ni Mjaluo wa Sindo, mrefu kama mlingoti wa bendera, na kwa askari ni mtu mwema.

"Nchagwa, wamepiga simu kutoka kwenu. Mke wako ameanguka na boda boda. Mguu umevunjika, amefungwa plasta, lakini yuko salama."

"Na mtoto?"

"Mtoto hakuwepo. Na Jumamosi ataletwa tu, usijali. Mama yake anamleta."

"Mama ya nani?"

"Ya Mellen."

Nikaketi chini hapo hapo kwenye kokoto. Austine akanitazama, halafu na yeye akaelewa. "Yawa," akasema polepole. "Pole sana, ndugu yangu."

Kwa nyinyi msiojua, nitawaeleza. Kwetu mama wa mke wako humpi mkono. Huli naye. Jina lake hulitaji, ndiyo maana hapa hamtalisikia hata mkinibembeleza. Nikikutana naye njia ya sokoni, mimi naingia kwenye shamba la tumbaku la watu, yeye anavuta leso usoni, mpaka tupishane. Tukiwa na neno la kuambiana, linapitia kwa mdomo wa mtu mwingine, hata kama tunasikiana. Wala hatuchukiani. Mama huyo alinipa mtoto wake, na mimi nampa njia nzima apite. Hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote nilizo nazo.

Tena mama huyu alikuwa na kesi na mimi. Tangu nivunje ile taya, alikuwa akimwambia Mellen arudi nyumbani. "Hukuolewa na mtu, uliolewa na hasira." Mellen mwenyewe aliniambia hayo kupitia waya, akilia.

Sasa fikirieni meza ya Madam Liz. Utaratibu wake wa ziara ulikuwa huu: mfungwa anasimama, anampa kila mgeni mkono, anaketi naye, wanakula kutoka sinia moja. Alisema kushikana na kula pamoja ndiko kunajenga jamaa. Pengine kwao ni kweli. Na anayekataa meza amekataa amri. Nyota zote zinakatwa, anaanza sifuri. Kwangu hiyo ilikuwa miezi tisa mingine ya waya.

Nikaenda ofisini kwake Jumatano, kofia mkononi.

"Madam, naomba Jumamosi nisikae meza moja na mgeni wangu. Niketi na mtoto peke yake."

"Mgeni wako ni nani?"

"Mama mkwe."

"Mmegombana?"

"Hapana, Madam. Namheshimu."

Akanitazama kama nimemwambia sili kwa sababu nina njaa. "Nchagwa, huyu mama anatoka Kehancha mpaka hapa kukuletea mtoto, na wewe hutaki hata kumpa mkono? Kwenye kadi hiyo inaitwa kukosa heshima."

"Kwetu, Madam, kumpa mkono ndiko kukosa heshima."

"Na mtoto wa miaka mitatu haingii bila mtu mzima mezani. Sheria ni moja kwa wote. Nikikufanyia wewe yako, kesho kila mtu ataleta yake."

Nikaanza ng'ombe. Wakaisha, nikawaanza upya. Nikatoka bila kupandisha sauti.

Obare alikuwa na ushauri, yeye hakosi. "Wewe kaa tu, kaka. Ni saa mbili. Nani wa kwenu atakuona huku?"

"Yeye ataniona."

"Na ukimkosa mtoto?" Bogonko akauliza kutoka jikoni. Hakuuliza kwa ubaya.

Alhamisi niliamua nitampa mkono. Ijumaa nikaamua sitampa. Chakula nilikuwa nakimeza tu, hata mtu angeniwekea udongo kwenye sahani nisingejua. Nilimtaka mtoto wangu. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Nilimtaka kuliko nilivyowahi kutaka kutoka humu.

Jumamosi ikafika. Hema lilisimamishwa uwanjani, mabawa ya turubai yamekunjwa juu na kufungwa kwa kamba ili upepo wa ziwani upite. Meza sita, viti vya plastiki, samaki aina ya ngege, wa kukaanga, juu ya masinia. Wenzangu watano waliingia na watu wao, kelele na vicheko, mama mmoja akipiga vigelegele mpaka afande akamwomba apunguze. Mimi nilisimama kando ya meza yangu.

Nikawaona langoni. Mama mkwe akiwa na leso ya kijani, amemshika mkono mtoto mwenye gauni jekundu. Robi akaniona. Wakaja mpaka kwenye kamba ya hema, na hapo mama akasimama. Akatazama viti viwili vilivyotazamana. Akatazama sinia moja. Akavuta leso usoni, akageuka, akaketi kwenye nyasi na kunipa mgongo. Robi akabaki katikati, kidole mdomoni, akimtazama nyanya yake, akinitazama mimi.

"Mama, karibu mezani," Madam Liz akaita.

Mama akaivuta leso zaidi.

"Nchagwa, nenda umsalimie mgeni wako."

"Madam, siendi."

Watu wakatugeukia, samaki mdomoni. Madam Liz akafungua mkoba, akatoa makasi madogo, yale yale anayokatia uzi akishona nyota. Uso ulikuwa umemkunjamana. "Unajua maana yake."

"Najua."

Hapo hasira ikanijia, ile ya zamani, ile ya stendi. Nikawatafuta ng'ombe, hakuna hata mmoja. Mkono wangu ulikuwa umeshika ukingo wa meza, na meza ya plastiki ni nyepesi, ingeruka mpaka kwenye ua. Lakini Robi alikuwa akinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza ananiona bila waya. Nikaona, la, hili lisiwe ndilo la kwanza. Nikaachia meza, nikaweka mikono nyuma.

"Kata, Madam. Kata zote tatu. Nyota ni zako, ulizileta hapa. Heshima ya mama huyu nilikuja nayo kutoka nyumbani, siwezi kuiuza kwa sinia la samaki." "Na mtoto wangu namtaka mpaka mifupa inaniuma. Hilo nalo ulijue, usije ukadhani sitaki."

Ndipo mama akasema. Hakugeuka. Alisema akitazama ua, na alisema na Austine, kama inavyotakiwa, ingawa sauti yake ilifika mpaka jikoni.

"Wewe askari mrefu. Mwambie huyo binti wa makasi. Mimi nimekuja hapa na uamuzi wangu tayari. Nilisema nitamtazama huyu mtu. Akikaa mezani na mimi, akinipa mkono ule ule uliovunja taya, nitarudi nimwambie binti yangu afunge nguo zake, mume wake heshima yake imeishia jela. Nimemtazama tangu langoni mpaka nilipoketi. Ana njaa ya mtoto, hata kipofu angeiona. Na amekataa. Hasira ilimpanda nikasikia meza ikilia mkononi mwake, na akaishusha." Akang'oa jani la nyasi. "Mwambie mkwe wangu nimemwona."

Mkwe wangu. Tangu nipeleke ng'ombe kwao, neno hilo halijawahi kutoka mdomoni mwake.

Austine akajikohoza. Akamgeukia Madam Liz, akamrudia yote, neno kwa neno, kana kwamba hakuna aliyesikia. Halafu akanigeukia mimi, askari mzima, macho yamelowa. "Mkwe wako anasema amekuona."

Mwambie nimesikia, nilitaka kusema, lakini nilikuwa nalia. Nililia mbele ya Obare na ufagio wake, na sikujali.

"Andika hiyo kwenye kadi," Bogonko akasema, birika la chai mkononi.

Madam Liz akashusha makasi. Akasema, "Mbona hamkunieleza hivi?"

"Nilikueleza, Madam. Jumatano."

Mtu akacheka, na mwingine, halafu hema zima. Yeye mwenyewe akatabasamu kwa aibu. Akanikaribia na makasi. "Moja lazima niikate," akanong'ona. "Amri umeikataa, na mkubwa anatazama kutoka dirishani." Akakata, kitambaa cha manjano kikaanguka kwenye nyasi. "Hizo mbili sijaziona."

Kisha akaenda kwenye nguzo ya hema, akaanza kupambana na kamba. Kucha zikamshinda, akatumia makasi. Turubai likashuka kwa kishindo kati ya meza yangu na mahali alipoketi mama, Robi sasa kando yake, kutoka juu mpaka karibu na nyasi. Sikuweza kumwona tena, wala yeye hakuweza kuniona.

"Mgeni yuko hemani," Madam Liz akatangaza kwa sauti ya ofisi, "na mtu mzima yuko na mtoto. Turubai limeshushwa na upepo. Nitaandika hivyo."

Wacha shangwe! Yule mama wa vigelegele akavipiga vyote alivyokuwa amezuiwa, na safari hii hakuna aliyemwomba apunguze. Obare akapiga makofi mpaka ufagio ukamwanguka. Bogonko akagawa samaki nusu kwa nusu kwenye sahani ya pili, akaipeleka upande wa pili wa turubai, nikamsikia mama akimwambia, "Asante, baba. Huyu anayekula upande huo, mwambie ale ashibe."

Turubai likatikisika chini. Kikatokea kichwa, halafu gauni jekundu limejaa nyasi. Robi akasimama, akanitazama kutoka chini kwenda juu, pole pole, kama anayesoma. Macho yakarudi chini, yakabaki hapo.

"Tata," akasema, "kumbe uko na miguu!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikachuchumaa. Akaja hatua tatu, akasimama, akanyoosha mkono akaugusa uso wangu, shavu, pua, akitafuta waya uko wapi. Haukuwepo. Akanishika shingo. Nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikasimama naye.

Alikuwa mzito. Miaka yote hiyo nimemwona, nimemsikia akiimba, najua hata jino gani lilitangulia kuota. Lakini hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba ni mzito hivyo.